Siku Niliyongoja Nyota

Mbu wa Isiolo hawana habari kwamba nimezeeka. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani baada ya miaka mingi, nikaketi barazani kwa mdogo wangu pale Kiwanjani, hata viatu sijavua, chai haijamiminwa, na mbu mmoja akanitua shingoni kana kwamba alikuwa akinisubiri. Nikainua mkono nimpige, mkono ukabaki hewani. Nikajisikia nikisema kwa sauti, "Haya, wewe ndiye mkubwa." Watoto wa mdogo wangu wakatazamana, wakaangua kicheko. Shangazi wa Nairobi ameanza kuongea na mbu!

Wao sikuwaeleza. Wewe nitakueleza, maana una nafasi, na jambo lenyewe nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi.

Wakati huo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, hatukuwa tukikaa mjini. Nyumba yetu ilikuwa nje, kwenye mashamba ya kando ya mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu mpaka hospitali. Babu yetu alikuwa Msomali, askari wa Mwingereza, na vita vilipokwisha akaambiwa yeye na wenzake, haya, kaeni hapa Isiolo. Akakaa, mpaka akazikwa hapo hapo. Sisi tulibaki na bibi yetu tuliyemwita Ayeyo, mwenye goti moja bovu, kuku wengi na ulimi ambao hata baba aliuogopa. Baba alikuwa na lori la kubeba mbuzi kutoka Oldonyiro, kwa hiyo nyumbani tulimwona kwa nadra, na akija anakuja na vumbi lake.

Majirani wa karibu walikuwa wawili tu. Upande wa juu alikaa mama mmoja wa Kiborana aliyeuza maziwa. Alfajiri alipita na vibuyu vyake mgongoni, maziwa yakinukia ule moshi wa mti wanaofukizia vibuyu, harufu ambayo sijaipata tena katika pakiti yoyote ya Nairobi. Upande wa chini, ng'ambo ya mfereji, alikaa Mzee wa Pampu.

Mzee wa Pampu alikuwa mzungu, lakini ukimwita mzungu tu hujasema kitu. Alikuwa Myahudi. Vita vya huko kwao vilimwacha hana hata ndugu wa kumwandikia barua, akaja Kenya kijana mwembamba, akatengeneza vinu vya upepo kwenye mashamba ya walowezi, kisha akaletwa Isiolo kuweka pampu za visima. Pampu zilipokwisha kuwekwa, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Alitengeneza kila kilichovuta maji au kuwaka moto: pampu, stovu, karabai. Kiswahili chake alikiokota kwa vibarua, na alikiongea hivyo hivyo bila haya. Mikono yake ilinuka grisi siku sita. Siku ya saba ilinuka sabuni.

Nilimzoea kwa sababu ya mayai. Yeye hakula nyama ya buchari yoyote ya Isiolo, yetu wala ya Wameru, kwa sababu ya sheria zao za kuchinja, na Ayeyo, badala ya kuudhika, alimheshimu kwa hilo. "Mtu asiyekula ovyo ana Mungu," alisema. Basi kila Ijumaa alasiri alinituma na mayai sita ndani ya kikapu, na sharti nisikimbie. Nilimkuta Mzee akifunga kazi. Spana zilipangwa ukutani zote zimegeuka uso, gari lake, Landrova kuukuu, likafunikwa turubai, jiko la mkaa likafukiwa kwa majivu na kuwekwa bati juu, na juu ya bati birika la chai, ili kesho chai iwe ya moto bila mtu kuwasha moto. Halafu alijisugua mikono kwa mchanga na Omo mpaka kucha, akavaa shati jeupe, akawasha mishumaa miwili jua likiwa bado halijazama. Kuanzia hapo mpaka Jumamosi jioni, nyota tatu zionekane, hakushika kazi yoyote. Ayeyo alisema Mungu wa Isiolo ndiye mwenye shughuli kuliko wote: Ijumaa anatusikiliza sisi, Jumamosi Mzee wa Pampu, Jumapili Wameru, na Jumatatu anaanza kusikia malalamiko ya watu wa mbuzi.

Katika ile nusu saa kabla ya mishumaa ndipo aliponipa mambo ya uumbaji. Sijui kwa nini alinipa mimi. Labda kwa sababu hakuwa na mtoto, labda kwa sababu mimi niliuliza. Tulikaa ukingoni mwa hori la saruji alilolijenga mlangoni, la kunyweshea punda na mbuzi wa wapita njia. Hilo hori lilikuwa lazima lijae kabla yeye hajatia kitu kinywani. "Wazee ya kwetu nasema, kwanza mnyama nakula, halafu wewe. Mnyama hawezi kuomba."

Siku moja nilikuwa nikipambana na mbu, nikimlaani na ukoo wake. Mzee akacheka. "Pole pole. Huyo mkubwa yako." Akanieleza kwamba Mungu aliumba mwanga, maji, miti, samaki, ndege, wadudu, mpaka Ijumaa alasiri, saa kama hiyo tuliyoketi, ndipo akaumba mtu, wa mwisho kabisa. Sababu, walisema wazee wake, ni mbili. Kwanza, mtu akitakabari aambiwe: usijivune, hata mbu alikutangulia. Pili, mtu ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima haitwi mezani chakula hakijaiva.

"Sasa mimi ni yupi?" nikauliza. "Mdogo wa mbu au mgeni wa heshima?"

"Wote mbili. Ukisahau moja, unaharibika."

Nilizichukua habari hizo mbio mpaka chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, maana nilipenda kuchokoza. Nikamwambia kwamba Mzee wa Pampu anasema siku ya saba Mungu alipumzika. Mwalimu akashtuka. Mungu hachoki, akasema, uchovu haumgusi, kamwambie. Nikaenda nikamwambia. Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Mwalimu nasema kweli. Hakuchoka. Aliacha. Kuacha si kuchoka. Ni kusema: yatosha, sasa tuangalie." Nikarudi na jibu hilo, na mwalimu akajikuna ndevu muda mrefu kabla ya kutuamuru tuendelee kusoma. Ijumaa iliyofuata alinipa limau tatu nimpelekee.

Lipo moja lililoniingia zaidi. Shuleni watoto wengine walikuwa na desturi ya kutuambia sisi wajukuu wa askari kwamba hatukuwa wa hapo, turudi kwetu. Nilimweleza Mzee huku nalia kwa hasira. Akainama akaokota vumbi la njiani, lile jekundu, akachota na jeusi la shambani kwake, na la mchangani kwenye mfereji, akayachanganya kiganjani. Akasema mtu wa kwanza alifinyangwa kwa udongo uliookotwa kila pembe ya dunia, ili popote mwanawe atakapofia, ardhi isiweze kumwambia: ondoka, wewe si wangu. Na aliumbwa mmoja tu, peke yake, ili pasiwe na wa kumwambia mwenzake baba yangu anamzidi baba yako. "Na kwa sababu alikuwa mmoja, na watu wote ilikuwa ndani yake, basi kila mtu moja ni dunia mzima. Ukipoteza moja, umepoteza dunia." Akanipukutia vumbi hilo mkononi. Nilikwenda nalo nyumbani nimelifumbata, Ayeyo akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia nimebeba watu.

Nilimwuliza pia kazi ya mtu ni nini, kama vitu vyote vilishakamilika. Akasema havikukamilika, na ndiyo heshima yenyewe. Mungu aliumba ngano, hakuumba chapati. Chapati alimwachia Ayeyo. Mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kulinda, na akatembezwa mti kwa mti akaambiwa, angalia ulivyo mzuri, usiharibu, maana baada yako hakuna fundi wa kuja kutengeneza. Ayeyo alipolisikia lile la chapati alifurahi wiki nzima.

Mimi, katika kazi zile mbili, nilichagua kulinda. Na nilichochagua kukilinda ni Jumamosi ya Mzee. Hakunituma mtu. Nilijipa cheo mwenyewe. Jumamosi nilisimama mferejini kama askari, kama babu, nikiwafukuza watoto wenye kelele na kuwarudisha wafugaji waliokuja na pampu mbovu mabegani. "Leo Mzee hafanyi kazi. Njoo jioni, nyota tatu." Nilijua sheria zote, au nilidhani. Alishaniambia kwamba hata kumwagiza mtu akufanyie kazi ni namna ya kufanya kazi. Nami nikaongeza yangu: hata kumwomba ni kumvunjia siku. Kiburi cha mtoto anayejua kitu ambacho wenzake hawakijui, rafiki yangu, ni kikubwa kuliko tembo.

Basi ikafika Jumamosi moja ya kiangazi. Baba yuko njiani na mbuzi. Mama ameitwa Garba Tulla kwenye msiba wa dada yake. Nyumbani ni Ayeyo, mimi, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndio kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Usiku alikuwa ametapika na kuhara. Asubuhi Ayeyo akampa uji mwepesi, akautapika. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia bila machozi, kisha akaacha hata kulia. Ayeyo alimweka mapajani, akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Sikujua maana yake, lakini niliuona uso wa Ayeyo.

"Kimbia kwa Mzee," akasema. "Mwambie mtoto anakwenda. Alete gari. Kimbia!"

Nilikimbia. Hilo naliapia, nilikimbia mpaka ndara moja ikakatika mferejini. Nikafika. Landrova ipo chini ya turubai. Mlango u wazi, pazia limeshushwa, na ndani nikasikia Mzee akipiga usingizi wake wa Jumamosi, usingizi wa mtu aliyetengeneza pampu siku sita. Nikasimama. Nikafungua kinywa. Na kinywa hakikutoa kitu.

Nimejiuliza maisha yangu yote nini kilinishika. Niliogopa, ndiyo. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilifikiri nafanya vema. Siku ile ilikuwa ya Mungu, mimi ndiye mlinzi wake, na mlinzi ndiye aje kuivunja? Nikaketi ukingoni mwa hori. Nikajiambia nitangoja nyota. Jua lilikuwa utosini, nami nikaketi kungoja nyota.

Kivuli cha mkomamanga wake kilikuwa mbali na miguu yangu nilipoketi. Kikaja polepole, kikanigusa kidole, kikapanda mpaka gotini. Punda wawili walikuja wakanywa wakaondoka. Nililia kimya kimya, nikijifuta kwa shungi, na kila nilipotaka kuinuka kitu kiliniambia, bado kidogo.

Mzee akatoka na kikombe chake cha bati. Akaniona. "Nini?"

"Hakuna. Nangoja nyota."

"Nyota ya nini, saa hii?"

Nikamwambia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kikombe kilianguka, chai ikamwagika kwenye shati jeupe. Hakuvaa viatu. Alilirarua lile turubai badala ya kulifungua kamba, akanishika mkono akanitupa kitini, na Landrova ikawaka, Jumamosi, jua likiwaka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Njiani tukakutana na mama wa maziwa. Alikuwa amerudi kutoka sokoni, akamkuta Ayeyo peke yake akipiga mayowe, akamchukua mtoto mgongoni akaanza safari ya mjini kwa miguu. Alipoliona gari alisimama katikati ya barabara, akapiga boneti kwa kofi.

"Tangu adhuhuri!" akapaza sauti. "Mtoto imetumwa kwako tangu adhuhuri, na nyumba yako ni hapo tu! Wewe ulikuwa unangoja nini? Siku yako iishe?"

Mzee alinitazama. Mara moja tu, wala si kwa ukali. Mimi nikatazama miguu yangu, mmoja una ndara, mwingine hauna.

"Mimi nimechelewa," akamwambia. "Panda, mama."

Hospitalini walimtundikia mtoto maji ya mshipani, na daktari akasema, angeletwa jua limezama, wasingemkuta hai. Akanywa maji yale mwili mzima, na mara akalia, na machozi yakatoka. Mzee wa Pampu akamwinamia, shati limejaa chai, miguu ina vumbi, akasema, "Hii si mtoto moja. Hii dunia mzima." Manesi wakacheka, na tangu siku hiyo mdogo wangu akaitwa Dunia. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho tu.

Kisha Mzee alifanya jambo lililomponza. Mtoto alipokuwa salama, hakuliendesha gari kurudi. Haja ilikwisha, na siku bado ilikuwa siku. Akaketi nje kwenye benchi, pekupeku, akingoja nyota. Mama wa maziwa akamwona, watu wa mjini wakamwona. "Mnaona?" yule mama akawaambia. "Ndivyo alivyokaa mchana kutwa, na mtoto anakufa." Neno hilo lilifika nyumbani kabla yetu.

Ayeyo aliniita pembeni jioni ile. Akanishika kidevu. "Ulifika ukamkuta amelala, sivyo? Ukamwambia, akakuambia ungoje?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hiyo tu. Sikusema hata neno, na hakuna neno nililowahi kusema ambalo lilikuwa uongo mkubwa kuliko kile kichwa.

Ijumaa iliyofuata Ayeyo alinituma na mayai kama kawaida. "Alichelewa, lakini alikuja," alisema, na akapunguza yakawa manne. Nilimpelekea. Nilidhani atanigombeza. Aliyapokea, akayahesabu, akaketi kwenye hori, akanipigia saruji kwa kiganja niketi.

"Nani alikuambia siku ni kubwa kuliko mtoto?"

Nilitazama kikapu changu kitupu.

"Mtu alipewa siku. Siku haikupewa mtu. Kwa ajili ya roho moja unavunja Jumamosi, unaivunja mbio, na ukiuliza-uliza kwanza, unamwaga damu. Hiyo ndiyo sheria. Mtoto mdogo kwetu anaijua." Akapangusa ukingo wa hori kwa kiganja. "Lakini mimi nilikufundisha nusu. Kuacha nilikufundisha. Kukimbia sikukufundisha."

"Kwa nini ulisema ni wewe uliyechelewa?" nikauliza.

"Sikusema uongo. Nilichelewa kukufundisha."

Nilimwomba aniruhusu niende nikawaambie watu. Akasema hilo ni langu, hawezi kunituma wala kunizuia, mtu huumbwa akiwa na mdomo wake mwenyewe. Nikaondoka nimeazimia. Nikafika kwa mama wa maziwa, nikamkuta akiosha vibuyu, akanikaribisha, akanipa maziwa kikombe tele, akanisifu kwamba nilikaa mchana kutwa kumsihi yule mzee mwenye moyo wa jiwe. Nikayanywa maziwa. Nikarudi nyumbani.

Mwalimu wa Kurani alijaribu kumtetea. Alisema msikitini kwamba jambo hilo hata sisi tunalo, tena limeandikwa kuwahusu watu wake Mzee, kwamba aokoaye nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Watu wakamwitikia vizuri, halafu wakapeleka stovu zao kwa fundi mwingine mjini. Mama wa maziwa yeye alifanya kubwa zaidi. Aliacha kumwuzia maziwa. Unajua kwa Waborana maziwa ni nini. Adui akipita kiangazini hupewa. Aliruka mlango wa Mzee kila alfajiri, akaenda zake, na Mzee akaanza kunywa chai ya turungi. Nilizoea kulikuta lile birika juu ya bati limejaa chai nyeusi.

Akakaa hivyo miaka miwili. Kisha akaiuza Landrova, akaenda Nairobi, na muda si mrefu tukasikia amezikwa huko katika makaburi ya watu wake. Siku ya kuondoka alinipa komamanga moja na kunikumbusha nijaze hori. Nililijaza mpaka nilipokwenda shule ya bweni.

Sasa, mwezi uliopita, nikamwomba Dunia anipeleke huko chini. Yeye naye ni mwenye lori, amerithi barabara za baba, na juu ya kioo amechora kwa rangi nyekundu DUNIA NZIMA. Tulikwenda kwa lori hilo, yeye akipiga gumzo, mimi nikitafuta mto kwa macho. Mfereji haupo. Mkomamanga haupo. Alipokaa Mzee pana uwanja wa kuuzia mabati na matanki ya plastiki, na pampu sasa unanunua mpya, ikiharibika unatupa. Hori tu ndilo lililobaki, limekauka, limejaa mifuko na chupa. Nililia mbele ya mwenye mabati, akaniletea kiti.

Dunia alidhani nimeugua. Ndipo nikamwambia, hapo hapo, yote, mpaka kile kichwa nilichomwitikia nacho Ayeyo. Alinisikiliza akiwa ameegemea lori lake, lile jina likiwa juu yake.

"Mimi nilidhani jina hili ni kwa sababu nilikuwa mtundu," akasema mwishoni. "Dunia, yaani mhangaikaji."

"Hapana."

Halafu akaingia kwenye hori akaanza kutoa chupa moja moja, mtu mzima mwenye kitambi, na kila alipotupa moja alikuwa akifikiri. "Na wewe umekaa na hii miaka yote?"

"Nimekaa nayo."

"Twende Chechelesi," akasema. "Akko bado yuko hai."

Akko ni bibi kwa Kiborana, na aliyemaanisha ni yule mama wa maziwa. Tulimkuta ameketi mkekani uani kwa mwanawe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yana ukungu, ila sauti ni ile ile. "Salaam aleikum, Akko." "Waleikum salaam. Huyo ni Dunia? Na huyo mwingine ni nani ananukia Nairobi?" Akanishika mkono, akanitambua kwa vidole, akafurahi, akaanza mwenyewe, kama anavyoanza kila akikutana na Dunia: "Wewe mtoto, mimi ndio nilikubeba. Yule Myahudi angekuua."

Dunia akanitazama. Nikapiga magoti mkekani, na safari hii mdomo ukafunguka. Nikamwambia kwamba Mzee alikuwa amelala hajui lolote. Kwamba mimi sikumwita. Kwamba alipojua alikimbia pekupeku, na kwamba alisema amechelewa ili nisisemwe mimi.

Kuku walipita mbele yetu. Ndani mtu alizima redio.

"Miaka miwili," akasema. "Nilipita kwa mlango yake miaka miwili. Kila asubuhi alikuwa anasimama hapo kwa ile hori, ananisalimia, habari ya asubuhi, mama. Mimi nageuza uso." Akatafuta ncha ya shuka yake, asiipate. "Nilimnyima maziwa."

Nikataka kusema kosa ni langu, akanizuia kwa mkono. Akamwita mjukuu alete kibuyu. Akakishika mwenyewe, akatikisa, akammiminia Dunia kwanza, kisha mimi, na harufu ile ya moshi ikanijia puani baada ya miaka yote hiyo. Akamimina kikombe cha tatu, akakiweka mkekani mbele yake, mahali pasipo na mtu.

Tukanywa. Kile cha tatu hakukigusa mpaka tunaondoka.